Marehemu Yuko Shambani

Jumapili, 10 Machi 1991

Mvua imeanza leo tukiwa kanisani, na nusu ya mahubiri haikusikika kwa sababu ya mabati. Sikusikitika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Wahome, mwenye duka la kanda, ameniambia nyimbo zangu za Kijaluo zinaishia Ahero, hapa karibu tu, na mimi nataka za kufika Mombasa. Kwa hiyo nafanya mazoezi. Faida nyingine ni kwamba Mama anasoma Kijaluo tu, tena cha Biblia, basi hapa naweza kusema ninalotaka.

Ninalotaka kusema ni kwamba nimechoka kunuka samaki. Tunakaa Manyatta, chumba kimoja na pazia katikati. Mama anakaanga mgongo wazi mlangoni, yaani ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki kiwanda kikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Kichwa, mkia, na katikati mifupa mitupu yenye nyama kidogo ya kubandua kwa kucha. Alinisomesha kwa mifupa hiyo hadi kidato cha nne. Najua. Anayenikumbusha ni mimi mwenyewe, yeye hajawahi.

Alhamisi, 14 Machi

Tumerekodi "Ufunguo"! Studio ya Wahome ni chumba nyuma ya duka, kuta zimefunikwa magodoro na trei za mayai. Mvua ikinyesha kazi inasimama, maana mabati yanapiga ngoma kuliko mpiga ngoma wetu. Tulikaa saa tatu tukisubiri, kisha tukapata nafasi ndogo katikati ya mvua mbili, na nikaimba mara moja tu:

Umeniachia ufunguo, Mama,
nyumba umeondoka nayo.

Nilipofumbua macho, Walter alikuwa ameinamia gitaa analia. Alimzika mama yake mwaka jana. Wahome naye akasema, "Kama huyu analia, mteja atalia. Mteja akilia, ananunua." Ndivyo alivyo Wahome. Anatoka Nyeri na moyo wake uko kwenye droo ya pesa, lakini sikio lake ni zuri.

Wimbo wenyewe niliutunga nikiosha vyombo, Mama akiwa hapo hapo anakohoa moshi wa jiko. Nilitaka kujua kama naweza kumlilia mtu ambaye hajafa. Inaonekana naweza.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Choo cha ploti, tunachotumia wapangaji wote, kimefurika.

Alhamisi, 28 Machi

Wamenipiga redioni! Saa nne asubuhi, baada ya tangazo la sabuni. Jirani alipiga kelele ukutani, "Awuor, ni wewe!" Mama akaacha mafuta yanaungua, akasimama katikati ya chumba na mwiko mkononi mpaka wimbo ukaisha. Akasema, "Huyo mama wa wimbo alikuwa na bahati. Mtoto wake anamkumbuka vizuri." Tukacheka wote wawili.

Jumanne, 2 Aprili

Lazima niandike hili ingawa sitaki.

Leo dukani kwa Wahome walikuwepo wasichana wa chuo, watano, wamekuja kununua kanda na kuniona. Nilivaa gauni jipya la kijani. Nikiwa naweka sahihi, Mama akatokea mlangoni, leso kiunoni, magamba ya samaki yamekauka mikononi. Alikuwa ameniletea chakula kwenye bakuli, kwa sababu nilitoka bila kula. Harufu iliingia kabla yake. Msichana mmoja akakunja pua akauliza, "Huyo ni nani?"

Nikasema, "Ni mama mmoja anatuuzia samaki."

Alisikia. Alikuwa karibu nami kama mlango ulivyo karibu na ukuta. Akaweka bakuli juu ya kaunta, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Samaki yako hii, madam," akaenda zake. Nyumbani hakutaja kitu. Nami sikutaja. Nilikula kile chakula baridi nyuma ya studio, na kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonitia haya zaidi.

Jumamosi, 6 Aprili

Barua kumi na nane za wasikilizaji. Moja kutoka Kitale.

Jumanne, 9 Aprili

Mama amekwenda nyumbani Seme, ng'ambo ya Kombewa, kupalilia mahindi. Huenda kila mwaka mvua ikishika. Atakaa wiki tatu. Nimefungua dirisha na kufua mapazia. Chumba kinanuka sabuni, na nimelala mchana kutwa kama tajiri.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimehojiwa redioni. Mtangazaji anaitwa Magdalene, sauti yake ni ya asali na kucha zake nyekundu. Studio yao haisikii mvua kabisa. Aliniuliza nilijifunza wapi kuimba, nikasema kwaya. Kisha akainamisha kichwa, akashusha sauti.

"Rosa, huu wimbo umewaliza watu wengi. Ni wa mama yako mwenyewe?"

Wahome alikuwa nyuma ya kioo ananitikisia kichwa, ndiyo, ndiyo.

"Ndiyo," nikasema. "Alifariki nikiwa bado namhitaji."

"Pole sana. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hapo ndipo mdomo ulipojiendea wenyewe. Nikasema alikuwa mwalimu. Nikasema alikuwa akinisomea vitabu jioni, na mikono yake ilinuka chaki. Nilimwona kabisa, huyo mwalimu, na sweta yake ya bluu. Nilimpenda.

"Aliitwa nani, tumkumbuke pamoja?"

Sikuwa nimetayarisha jina. Mtu anayedanganya vizuri angekuwa nalo. Mimi nikataja la Mama mwenyewe, "Beldina Akoth. Wa Seme."

Magdalene alifuta jicho. Nilitoka nje, Wahome akanipiga bega. "Rosa, hiyo ni biashara. Nani ataumia?"

Jumatano, 17 Aprili

Kanda zimeisha dukani. Mzee mmoja amenisimamisha barabarani, akavua kofia, akanipa pole na maparachichi matatu. Niliyapokea. Nimeyala mawili.

Ijumaa, 19 Aprili

Nairobi wamepiga simu kwa Wahome! Tamasha tarehe 11 Mei, bendi kubwa, na gazeti litakuja.

Jumapili, 21 Aprili

Wamerudia habari zangu, safari hii kwenye kipindi cha Kijaluo, baada tu ya matangazo ya vifo. Sikusikiliza, nilikuwa saluni.

Jumatano, 24 Aprili

Mjomba Absalom amekuja asubuhi, matope mpaka magotini. Ni kaka yake Mama, anaendesha trekta la miwa Muhoroni, mtu mkubwa mwenye sauti ya trekta. Leo sauti haikuwepo. Alikataa chai. Alikataa kiti. Nitaandika kama alivyoniambia.

Jumapili alikuwa anasikiliza vifo, kama watu wote wanavyosikiliza Jumapili ili wajue wanakokwenda kuzika. Vikaisha, akawa anataka kuzima, akasikia: mwimbaji Rosa Awuor, binti wa marehemu Mwalimu Beldina Akoth wa Seme. Hiyo ya mwalimu hakuijali, kwa sababu mtu akifa kila mmoja humpandisha cheo. Alichojali ni kwamba dada yake amekufa na mtoto ametangaza kwenye kipindi cha nyimbo kabla ya kumtumia mjomba ujumbe. Alilia siku nzima, kwa huzuni na kwa hasira. Jana, Jumanne, wakapata lori la miwa lililokuwa tupu. Watu thelathini na kitu, shuka, kuku, ndizi, na mkewe Seline ambaye ndiye hodari wa kulia katika ukoo wote.

Walishuka njia panda baada ya Kombewa na wakaanza nduru kutoka hapo, kama inavyopaswa, Seline mbele na matawi mkononi, wakishuka kuelekea boma letu wakipiga yowe.

Mama alikuwa shambani. Alisikia yowe linakuja kwetu. Na yowe likija kwako maana yake ni moja, msiba ni wako. Kwake hakuna wa kufa. Baba alikwisha kufa, ndugu zangu wawili walikufa wadogo. Nimebaki mimi.

"Akatupa jembe," Mjomba akasema. "Akakimbia, mikono kwa kichwa. Analia jina yako. Awuor, Awuor nyathina, mtoto wangu. Alikuwa anakimbia kuja kwetu na sisi tunaenda kwake, na sisi wote tunalia."

Seline alipomwona alianguka kwenye tuta. Wengine waligeuka wakakimbia. Mjomba alisimama kwa sababu miguu ilikataa. Mama akamshika shati. "Absalom, ameangukia wapi? Mmemlaza wapi mtoto wangu?"

"Na mimi ningejibu nini?" Mjomba akaniuliza. "Maiti ndiyo inaniuliza maswali."

Kisha akasema Mama ananiita, tuondoke.

Alhamisi, 25 Aprili, Seme

Tulifika jana saa saba mchana. Nilidhani nitakuta watu wameondoka. Hawakuwa wameondoka. Waliokuja kulia hawawezi kurudi na njaa, na wengine walikuwa wamesikia Kombewa sokoni na bado walikuwa wanaingia, na kila aliyeingia alipiga yowe mlangoni, kisha akanyamazishwa na kuelezwa. Nilihesabu hadi sitini nikaacha.

Na aliyekuwa anawapikia ni Mama. Alikuwa kwenye mafiga matatu, moshi machoni, anageuza ugali wa matanga yake mwenyewe. Kuku waliokuja kwa ajili ya kuzikwa kwake aliwanyonyoa yeye. Wanawake walikuwa wanamsaidia lakini hawakumkaribia sana, na aliyempa kisu alikiweka chini kwanza.

Aliniona. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akarudia, kama mtu anayekagua kitu alichoazimisha. Nilikuwa na gauni la kijani. Niliogopa atanipiga mbele ya watu. Badala yake aliwageukia akasema kwa sauti, "Mmemwona? Ni mzima. Redio ilichanganya majina. Kuleni, mwende mkalale."

Alinifunika aibu mbele ya ukoo mzima. Ningependa angenipiga.

Walipoanza kula alinivuta nyuma ya ghala. Tulizungumza Kijaluo, hapa nayageuza.

"Ni kweli ulisema mimi nilikuwa mwalimu?"

"Ndiyo, Mama."

"Wa darasa la ngapi?"

"Sikusema darasa."

"Ungesema la tatu," akasema. "Mimi nilifika la tatu."

Nikaanza kulia. Akangoja nimalize, kwa subira, kama anavyongoja mafuta yashike moto. Akasema kufa si neno, kila mtu atakufa, na yeye amekwisha kuona watakaomlilia na nani atamlilia kwa nguvu. Wengi hawapati nafasi hiyo. Lakini kuna kitu kimoja hakielewi.

"Huyo mwalimu. Alikuzaa lini?"

Akafuta mikono kwenye leso akarudi kwenye chungu. Mjomba alisema kabla jua halijashuka kwamba redio iliyomuua ndiyo itakayomfufua, na wiki ijayo isiishe kabla sijaenda. Wazee wakaitikia. Nikaapa.

Nimelala karibu na Seline. Alinipa blanketi lake.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimerudi Manyatta peke yangu. Mvua mchana kutwa.

Jumanne, 30 Aprili

Mama amerudi na gunia la kunde. Jikoni kama kawaida. Wateja wengine wanamchungulia kabla ya kununua.

Nilimweleza Wahome kila kitu. Alikaa juu ya kreti akashika kichwa. Si mtu mbaya. Aliuliza kwanza kama Mama ni mzima, afya yake. Kisha akasema, "Rosa, nisikize. Hao Nairobi wamenunua kilio. Ukisema ulidanganya, hawakutaki. Na mimi nimechapisha mabango tayari, 'binti yatima wa ziwa'. Lakini mama lazima atangazwe, hiyo ni haki yake. Basi tangaza yeye. Wewe una haja gani ya kuwa ndani ya tangazo?"

Niliona akili yake ni kubwa. Kila mtu apate chake. Niliandika tangazo pale pale, nikalala usingizi mzuri.

Ijumaa, 3 Mei

Afisa wa matangazo kule redioni ni Bwana Zachariah, mtu mwembamba mwenye miwani. Alisoma karatasi yangu mara mbili. "Dada, hapa tunatangaza wafu. Wazima hawana fomu." Mwishowe akachukua fomu ya kifo, akakata neno "kifo" kwa kalamu, akaandika juu yake "uhai". Akasema litasomwa leo leo.

Saa saba na nusu, saa ya vifo redioni, chumba chetu kilijaa. Majirani, wateja, mwenye ploti, wote. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa gauni la kanisani. Amenyoosha mikono magotini kama anapigwa picha. Wakaisha wafu wa Gem, wakaisha wa Asembo. Kisha:

"Familia inatangaza kwamba Bi Beldina Akoth wa Seme, mjane wa marehemu Joseph Amolo, dada yake Absalom wa Muhoroni, wifi yake Seline, yu hai na ana afya njema. Waliopata habari tofauti wanaombwa radhi."

Watu wakapiga makofi. Mwenye ploti akamshika mkono. Mama hakuinuka. Alikuwa bado ameinamishia redio sikio, na redio ilikuwa tayari kwa marehemu mwingine wa Ugenya.

"Imeisha?" akaniuliza.

"Imeisha."

"Wakimtangaza mtu hutaja watoto."

"Nafasi ilikuwa ndogo, Mama."

"Absalom ameenea," akasema. "Hata Seline ameenea."

Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao haraka. Tulipobaki wawili alizima redio, akavua gauni la kanisani akalikunja, akavaa la kazi. Alinipa mgongo alipoyasema haya.

"Siku ile shambani nilikulilia wewe. Watu wakaniambia nimekosea, uko mzima. Sasa naona sikukosea."

Akatoka kuwasha jiko.

Jumamosi, 4 Mei

Hakunisemesha.

Jumapili, 5 Mei

Hakunisemesha. Kanisani alikaa upande wa wanawake wasio na watoto. Sijui kama alifanya makusudi au palikuwa na nafasi. Kwaya iliniomba niimbe peke yangu, nikasema koo linauma. Haikuwa uongo.

Jumatatu, 6 Mei

Leo asubuhi nilirudi kwa Bwana Zachariah. Sikupitia dukani. Nilimwomba fomu nyingine, akakata lile neno tena. Aliposoma nilichoandika alivua miwani. "Unajua watakucheka?" Nikasema najua. "Na Nairobi?" Hata yeye alikuwa amesikia habari za Nairobi. Nikasema hiyo pia najua. Mkono wangu ulitoka jasho hata wino ukachafuka, ikabidi aandike upya yeye.

Kisha nilikimbia hadi kiwanda cha samaki. Mchana wanawake hupanga foleni langoni kungojea mifupa itoke, na Mama ni wa tano, wa sita, kila siku. Mvua ilikuwa imepungua. Bawabu ana redio ndogo dirishani, na wanawake wanamwomba aongeze sauti vifo vikifika. Nilisimama pembeni na gauni langu. Mama aliniona, akatazama lango.

Bwana Zachariah hakumpa mtu mwingine tangazo langu. Alilisoma mwenyewe, taratibu, kwa Kijaluo:

"Mimi Rosa Awuor, niliyeimba Ufunguo, natangaza kwamba Beldina Akoth, anayekaanga mgongo wazi Manyatta, ndiye mama yangu mzazi. Hakufa. Hakuwa mwalimu. Nilisema hivyo kwa sababu nilimwonea haya, na sasa najionea haya mimi. Mtoto wake ni mmoja, ndiye mimi."

Foleni yote iligeuka. Mmoja akacheka, kisha wakacheka wote, kicheko kile cha wanawake wa samaki ambacho hakina huruma. "Ndiye huyu? Ndiye yatima?" Bawabu alitoa kichwa dirishani anitazame. Uso wangu uliwaka. Nilitamani ardhi, lakini ardhi ilikuwa matope tu, nikabaki nimesimama.

Mama hakucheka na hakunitazama. Lango lilifunguliwa, akasogea na wenzake, akachagua migongo yake mmoja mmoja kama kawaida, akakataa miwili iliyoanza kuoza, akagombana na mpimaji. Alipomaliza alilijaza beseni hadi juu. Akaliinua, akaja nalo hadi niliposimama.

"Shika beseni," akasema. "Na usinisemeshe."

Nikainama akanitwika. Maji ya samaki yalinishuka shingoni hadi ndani ya gauni. Tulipita mjini, tukapita mbele ya duka la Wahome, ambaye alikuwa mlangoni, amesikia tayari, na hakuinua mkono. Mama alitembea mbele hatua chache. Watu waliniita kwa jina, wengine kwa mzaha. Nilishindwa kugeuza kichwa kwa sababu ya mzigo, kwa hiyo nilimtazama yeye tu, mgongo wake, mpaka Manyatta.